Ndiyo Kwanza Nimeingia

Ishbel Garrow alipika supu katika shule ya msingi ya mtaani kwetu hapa Greenock kwa miaka thelathini na moja, na nusu ya watu wazima wa mji huu wamekula kwa mkono wake. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimaliza bakuli anakuuliza kama umeshiba, ukisema ndiyo anakuongezea. Mumewe, Wattie, aliingia kwenye karakana za meli akiwa na miaka kumi na sita, kazi yake kuyavika mabomba zile nyuzi nyeupe za kuzuia joto, ambazo siku zile vijana walikuwa wakirushiana wakati wa chakula kama theluji. Zilikuwa sumu, na hakuna aliyewaambia. Mapafu yalipoanza kukataa ngazi, daktari alimpa masharti mawili tu: asipande tena ghorofa ya tatu, na asikae penye baridi.

Kwa hiyo wakauza fleti yao ya juu na kununua fleti ya chini kwenye jengo letu, mlango unaotazamana na wangu, na kwa nyuma vyumba vyetu vinapakana ukuta mmoja. Mimi naitwa Hector Mair. Kazi yangu ilikuwa kusoma mita za gesi, nyumba kwa nyumba, miaka ishirini na sita hadi nilipostaafu. Nalisema mapema kwa sababu litanirudia mbele.

Fleti hiyo ilikuwa ya mjane, Bi. Nettie Haddow, aliyefariki mwezi wa pili mwaka huohuo kwa ugonjwa wa kifua. Mwanawe, Innes, ndiye aliyeiuza. Nilikuwa nimeishi ukuta mmoja na Nettie miaka kumi na minane. Tulisalimiana kila siku, tukalaumu mvua pamoja, na wakati wa Krismasi aliniachia keki mlangoni. Kama ungeniuliza, ningekuambia namjua vizuri sana.

Akina Garrow walikabidhiwa ufunguo wiki ya kwanza ya mwezi wa sita. Wakili wao alimwandikia Ishbel barua, naye akaibana kwenye mlango wa friji kwa sumaku. Ilisema kwamba muuzaji ameahidi mitambo ya maji, umeme na joto inafanya kazi, na kwamba mnunuzi ana siku tano za kazi tangu apokee ufunguo kuijaribu na kusema kama kuna kasoro. Siku ya sita ikifika, kila kilichoharibika ni chake.

Siku ya pili nilipita kuwapelekea ngazi ndogo ya kutundikia mapazia, nikamkuta Ishbel amesimama mbele ya boila, ile mashine ya gesi ya kuchemshia maji iliyofungwa ndani ya kabati la jikoni, miwani puani na barua mkononi. Alifungua bomba la maji ya moto. Boila ikanguruma, maji yakaja yanatoa mvuke, akachoma kidole na kuridhika.

"Nzima," alisema.

"Washa na rejeta basi," Wattie alisema akiwa kitini. Alimaanisha yale mabamba ya chuma ya ukutani yanayopitisha maji ya moto na kutia nyumba joto. "Tujue moja."

"Mwezi wa sita?"

"Dakika tano tu, mama."

"Wattie Garrow, jua liko nje. Watu wakiona madirisha yetu yanatoka jasho mwezi wa sita watasema nini? Wataona tumeshuka ghorofa tukapanda vichwa."

Wattie alinigeukia. "Hector, wewe ulikuwa mtu wa gesi. Mwambie."

Nami nikacheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka. "Kuwasha joto mwezi wa sita ni wazimu," nilisema. "Maji yanachemka, boila ni nzima. Unataka nini zaidi?"

"Umeona?" Ishbel alimwambia mumewe, na barua ikarudi kwenye friji.

Ni lazima mnielewe hapo, maana mtu wa kwingine atatuona wajinga. Hapa kwetu joto haliwashwi kabla ya saa kurudishwa nyuma, yaani Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi, nchi nzima inaporudisha saa zake nyuma kwa saa moja kupokea majira ya baridi. Haijaandikwa popote. Mama yake Ishbel aliishi hivyo, mama yangu pia, na mtu akiwasha mwezi wa tisa habari zinamfuata mpaka kanisani. Ukisikia baridi unavaa sweta, ya pili ikibidi, na unajikaza kisabuni. Tumelelewa kuamini kwamba kusikia baridi ni tabia mbaya.

Siku tano zikapita, na majira ya joto nayo yakapita, kama kawaida yetu, upesi. Mwezi wa tisa Wattie alianza kukohoa kikohozi kingine, cha chini zaidi. Nilikuwa nakisikia ukutani. Nilipomuuliza alisema yuko sawa, na Ishbel alimnunulia blanketi la sufu.

Ile Jumapili ya kurudisha saa ilikuwa sikukuu kwao. Kila mwaka, tangu waoane, baada ya chakula cha mchana Wattie ndiye aliyebonyeza kitufe, na Ishbel ndiye aliyempa ruhusa. Mwaka ule walinialika. Kulikuwa na supu ya shayiri, nyama ya kusaga na viazi, na Wattie alikuwa amevaa tai.

"Unaoa tena?" nilimuuliza.

"Naoa boila," alisema. "Huyu mwingine miguu yake ina barafu."

"Kula unyamaze," Ishbel alisema, lakini alikuwa anatabasamu.

Tulipomaliza, alimsaidia kusimama. Kutoka kitini hadi kabatini ni hatua saba, na alipumzika mara moja njiani. Ishbel alitazama saa ya ukutani ambayo alikuwa ameirudisha nyuma asubuhi, akasema, "Haya, mzee, washa." Wattie akabonyeza. Taa ndogo ya kijani ikawaka, boila ikanguruma, sote tukapiga makofi.

Kisha tukaenda kuweka mikono kwenye rejeta. Ile ya sebuleni, halafu ya chumbani, halafu ya ukumbini. Tulingoja robo saa. Chuma kilibaki baridi vilevile. Ishbel aliweka kiganja, akaondoa, akaweka tena, kama anayempima mtoto homa.

Kupata fundi wiki ile ni kazi. Mji mzima unawasha siku moja, kwa hiyo mji mzima unagundua siku moja. Fundi Tulloch alikuja Alhamisi, mtu wa makamo mwenye mgongo mbovu, akafungua kifuniko, akamulika ndani.

"Maji ya bomba yanapata moto?" aliuliza.

"Yanachemka," Ishbel alisema. "Tangu siku ya kwanza."

"Ndiyo, mama. Hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika." Alimwonyesha kwa ncha ya bisibisi. "Hii valvu ina njia mbili. Upande huu inapeleka moto kwenye mabomba ya maji, upande huu kwenye rejeta. Imekwama upande wa mabomba. Ungekoga maji ya moto miaka kumi usijue."

"Imekwama lini?"

"Kwa kutu hii? Si leo wala jana. Haijageuzwa miaka mitatu, minne. Aliyekuwa akiishi hapa alikuwa hawashi joto?"

Fundi alichungulia juu zaidi na uso wake ukabadilika. Mpira unaoziba kiungo cha bomba la moshi ulikuwa umeoza, na moshi wa gesi ulikuwa umeanza kurudi kabatini. Sheria haikumruhusu kuacha boila hiyo ikiwaka. Aliifungia gesi, akabandika karatasi nyekundu yenye maandishi makubwa, akamwomba Ishbel radhi kama aliyemvunjia sahani. Vipuri vyake havitengenezwi tena. Boila mpya ingechukua wiki tatu, maana foleni ilikuwa ndefu. Kwa hiyo sasa hata maji ya moto hayakuwepo, na ukungu ulikuwa umeshaanza kutua mtoni asubuhi.

"Wiki tatu si kitu," Wattie alisema. "Nimefanya kazi juu ya meli mwezi wa kwanza nikiwa na shati tu."

"Ndiyo maana unapumua kama mlango mbovu," Ishbel alimjibu, akaenda kumpigia wakili simu.

Wakili alikuwa mpole. Alimwambia siku tano zilikwisha mwezi wa sita, na hii ilikuwa karibu mwezi wa kumi na moja. Njia pekee iliyobaki ni kama muuzaji alijua kasoro akaificha kwa makusudi. Ishbel aliweka simu chini na nikaona amepata kitu cha kushika. Mtu asiyeweza kujisamehe hufurahi sana akimpata wa kumlaumu. Kwa siku tatu hakuzungumza lingine. Innes Haddow alijua. Alimuuzia mgonjwa nyumba isiyo na joto. Nilimsikia akimwambia Wattie, na Wattie akimjibu kwa kikohozi. Walikuwa na hita moja ya umeme iliyompasha magoti na kuacha mgongo, na chupa za maji ya moto ambazo Ishbel alizijaza kutoka kwenye birika kila baada ya saa moja.

"Unasikia baridi?" alikuwa akimuuliza.

"Hata kidogo."

Jumatatu mchana alinigongea akiwa amevaa koti lake la kanisani. "Twende Gourock kwa huyo Haddow," alisema. "Wewe ulikuwa jirani. Akisema uongo utamjua."

Innes Haddow ni mkaguzi wa mabasi, mtu mnene mwenye haya, wa miaka hamsini hivi, anaishi peke yake. Alitukaribisha vizuri, akachemsha chai, akatoa biskuti zilizobaki kwenye sahani bila kuguswa. Ishbel hakuvua koti. Aliweka ile barua ya wakili na karatasi nyekundu ya fundi mezani, sambamba.

"Bwana Haddow, nina swali moja. Ulijua?"

Innes alisoma zote mbili polepole. "Boila ya mama ilikuwa nzima, Bi. Garrow. Niliifungisha mimi mwenyewe, ikiwa mpya. Hakuwahi kulalamika hata siku moja."

"Fundi anasema valvu haijageuzwa miaka mitatu, minne."

"Haiwezekani. Mama angeniambia."

"Ulikuwa ukienda mara ngapi?"

"Kila Jumapili," alisema, na akanitazama mimi. "Mzee Mair atakuambia. Kila Jumapili saa nane, nampelekea gazeti na samaki."

Nilisema ni kweli. Ni kweli, alikuwa akija.

"Na nyumba ilikuwa na joto?" Ishbel aliuliza.

"Ilikuwa..." alianza. Alichukua kikombe, akakirudisha bila kunywa. "Sijui. Mimi nikitoka kazini huwa nina joto. Yeye alikuwa na koti lake kila mara. Nilikuwa namwambia, mama, vua koti ukae. Anasema, ndiyo kwanza nimeingia, mwanangu, nilikuwa dukani."

Ishbel aliweka kikombe chake mezani.

"Kila Jumapili?" Ishbel aliuliza, lakini sauti yake ilikuwa imeshashuka.

"Ndiyo kwanza nimeingia," Innes alirudia. Alikuwa haongei na sisi tena. "Mwaka jana wote. Na mwaka juzi. Duka la pale kona linafungwa Jumapili saa sita. Mimi nalijua lile duka. Linafungwa saa sita."

Aliinama akaziba uso kwa mikono yake miwili mikubwa. Mimi nilitazama zulia. Sikuwa na mahali pengine pa kutazama, kwa sababu nilikuwa nafikiria kabati la mita. Liko pale mlangoni pa jengo letu, mita sita ndani yake, na nililipita kila siku ya Mungu nikienda kuchukua gazeti. Miaka ishirini na sita ya kazi ilinifundisha jambo moja: namba za gesi zinasema ukweli ambao mwenye nyumba hausemi. Ningefungua lile kabati mara moja tu wakati wa baridi, nikasoma ya Nettie, ningejua mara moja kwamba mwanamke yule anachemsha chai na kuoga, basi. Boila yake ilikuwa imekufa upande mmoja, naye akaona ni aibu kusema, au akadhani ni usumbufu kwetu. Ukuta wangu ulikuwa na joto. Upande wa pili wa ukuta huohuo yeye alikuwa amevaa koti. Sikufungua lile kabati kwa sababu nilijiona muungwana, mtu asiyechungulia mambo ya watu.

Ishbel alikunja barua yake mara mbili na kuirudisha mkobani. Karatasi nyekundu nayo akaichukua. Alizunguka meza, akamwekea Innes mkono begani, akauacha pale muda mrefu. Niliwahi kumwona akiwafanyia hivyo watoto wa shule walioanguka uwanjani.

"Hukujua," alisema. "Kunywa chai yako, mwanangu."

Tulirudi kwa basi. Tulipofika alifungua mlango wake akauacha wazi, hivyo niliona yote. Wattie alikuwa kitini. Hita ilikuwa imezimwa, sijui kwa kubana matumizi au kwa ukaidi. Amevaa koti lake la kazini, lile zito la bluu, vifungo vyote mpaka shingoni, na midomo yake ilikuwa na rangi ileile.

Alipotuona akaanza kufungua kifungo cha juu kwa haraka, na vidole vikakataa.

"Usiniambie umeingia sasa hivi," Ishbel alisema.

"Nilitaka kuchungulia tu kama mvua—"

"Wattie. Kutoka hapo mpaka mlangoni unapumzika mara mbili."

Akaacha kile kifungo. Ishbel alipiga magoti mbele yake, mwanamke wa miaka sitini na tisa, sakafuni, na koti lake la kanisani.

"Kuna mtu alikufa kwenye nyumba hii kwa kusema yuko sawa," alimwambia. "Mimi nimekuuliza kila saa, nawe umenijibu kila saa, na wote wawili tulikuwa tunadanganyana. Nakuuliza mara ya mwisho. Unasikia baridi?"

Miaka arobaini na sita ya ndoa, na wazazi wao nyuma yao, na wazazi wa wazazi, wote waliokufa na tai shingoni. Nilimwona anapigana na hayo yote. Kisha akashika mkono wa mkewe.

"Nasikia baridi, Ishbel," alisema. "Nasikia baridi sana. Tangu mwezi wa nane."

Sikungoja kuulizwa. Tulimvusha ukumbi wa jengo mimi na Ishbel, tukamlaza kitandani kwangu, na nikafungua rejeta zote mpaka mwisho. Walikaa kwangu hadi boila mpya ilipofungwa. Nililala kwenye kochi na mgongo wangu hadi leo unawalaumu. Wattie aligeuka kuwa mgonjwa mlalamishi kuliko wote niliowahi kuwaona, mtu aliyekaa miaka sabini bila kulalamika na sasa anataka kulipa deni lote: mguu huu una baridi, bega hili lina baridi, Hector, dirisha lako lina tundu. Ishbel alikuwa akimfuata na blanketi huku anafuta machozi, anacheka.

Fundi Tulloch alirudi kama alivyoahidi. Innes Haddow naye alikuja siku ile. Alikuwa amemwambia Tulloch amletee yeye hesabu ya boila mpya ailipe, na Ishbel hakubishana naye, kwa sababu aliona kwamba mtu yule alihitaji kutoa kitu. Alisimama karibu na mlango, kofia mkononi, mpaka rejeta ya sebuleni ilipopata moto. Aliigusa kwa kiganja, akatikisa kichwa, akaondoka.

Wattie aliishi majira yale yote ya baridi. Alifariki mwezi wa nne, mapafu yamekwisha, lakini alikufa akiwa na shati tu na dirisha limefunguliwa kidogo, kwa sababu alikuwa amelalamika kwamba ni joto mno. Ishbel alinieleza hilo mara nyingi. Ndilo lililokuwa likimfariji.

Tangu hapo kila Jumamosi nafungua kabati la mita. Sioni haya tena. Nasoma ya Ishbel kwanza, halafu nyingine tano, na wakazi wa juu wameshazoea kunisikia nikigonga. Mwaka jana saa ziliporudishwa nyuma, namba yake ilisonga vizuri wiki ya kwanza. Wiki ya pili ikasonga kidogo. Ya tatu, nilivaa miwani nikatazama mara mbili: chai na kuoga, basi.

Nikavuka ukumbi wa jengo nikagonga mlango wake. Alichelewa. Alipofungua alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na nyuma yake nyumba ilikuwa na ile harufu ya ukuta wenye unyevu.

"Hector," alisema. "Ndiyo kwanza nimeingia."

Tulitazamana. Ninaamini alisikia alichokisema, kwa sababu mkono wake ulishika fremu ya mlango.

"Kwa mtu mmoja tu," alisema baadaye, polepole. "Niliona kuwasha nyumba nzima kwa mtu mmoja..."

Nilipita pembeni yake bila kukaribishwa, jambo ambalo sikuwahi kulifanya katika nyumba ya mtu hata nilipokuwa na kitambulisho cha kazi shingoni, nikaenda mpaka kwenye kabati la jikoni, nikabonyeza kitufe.